Geti Nyeusi ya Loresho

Ciru, nimekwisha. Usinipigie, niko ndani ya gari yao. Soma tu.

Si unajua nilimdanganya Njuguna naishi Loresho, kule kwa matajiri? Leo alinipeleka kutembea na mamake, mara ya kwanza tunakutana. Tukaona viboko Naivasha, tukapiga picha pale juu ya Mai Mahiu na kofia za manyoya. Mama ananiita "msichana wangu." Msichana wangu, Ciru!

Kurudi, Njuguna akakata kona akaingia Loresho. Eti wananifikisha mpaka mlangoni. Mlango gani, na mimi ni wa Riruta?

Nikaonyesha geti nyeusi, ya kwanza kuona. Njuguna akaganda kwa usukani. Nikadhani ni ukubwa wa nyumba.

Nikashuka, nikawapungia mkono waende. Hawakuenda! Mama akashuka pia, eti amebanwa, anaomba choo kwangu. KWANGU. Soja wa geti akafungua, akaniuliza, "Wewe unataka nani?" Halafu akamwona mama, akacheka: "Mama Njuguna! Umepotea sana!"

Manze! Mama akaenda choo ya nyuma bila kuonyeshwa njia. Akarudi, akanishika mkono polepole.

"Debra, nimefua nguo kwa hii nyumba miaka kumi na moja. Chumba chako ni gani?"

Nikalia. Nikasema Riruta.

Sasa ndiko tunaenda. Njuguna hataki kuniangalia hata kwa kioo.

Ciru, huyo Njuguna aliniambia mamake alikuwa mwalimu.