Tawi la Njia ya Kushoto

Siku ya posho, Jumamosi, magaribi.

Singepaswa kukubali kwenda mu ile parke ya karibu na Goma. Wenzangu ba kazi balisema kutembea mu pori kunapumuzisha kichwa.

Penye njia iligawanyika, gide, ule alikuwa anatuongoza, alivunja tawi, akalilaza ku njia ya kushoto. "Nafunga hii, benye wako nyuma basipotee."

Kwetu Nyabiondo njo vile tunafanyaka. Siku tulikimbia vita, nilitangulia na mama. Kaka yangu Bahati alibakia nyuma na mbuzi. Penye njia iligawanyika, nililaza tawi mbio mbio. Nililaza ku njia yetu, ile tulipitia, pahali pa ile ingine. Hatujamuona Bahati tena.

Sijaambia mama mupaka leo. Nimerudi, nimemuelezea tawi ya gide, akacheka kidogo.

"Bahati atafika tu. Ule hajaruka tawi hata siku moja."