Porto ya Kubisha Mulango

Lubondja, 14 Oktoba 1956

Kwa mudogo wangu Jacques, fundi wa kushona, Baraka.

Salamu katika jina ya Yesu, yeye haangalie kama muntu ni Katolika ao Protestanti wakati anagawa afya. Uko muzima? Na Marthe, bibi yako, mugongo unamuuma bado? Huku mi niko, magoti tu inalia wakati ya kupanda ku shamba ya muhogo. Tangu bwana yangu alikufa nyumba iko kimya, lakini tunakula.

Sasa sikia shauri. Mutoto wangu Raphaël, mwipwa wako, anataka kuoa. Binti ni Constance, mutoto ya Alphonse, karani ku bureau ya Fizi. Constance naye anamutaka, nilimuuliza mi mwenyewe, nikasikia kwa masikio yangu. Lakini iko mwalimu moja wa Uvira anazunguka ile nyumba na baiskeli ya mupya.

Unajua kwetu kinywaji ndiyo inabisha mulango. Kama bakubwa ba binti banakunywa, mazungumzo inafunguka. Kama banaiacha chini, munarudi nayo kwenu na kila muntu anaona. Mi nilikuwa nimekwisha kuchagua ndizi ya kutengeneza kasiksi, pombe yetu. Alphonse akatuma neno: "Hapana kasiksi. Mulete chupa ya porto, na ikuwe muzuri."

Porto! Mi najua divai ya misa, na hiyo naiona kwa mbali. Porto ni nini? Iko tamu? Ni dawa? Raphaël anasema ni divai ya Ulaya, bazungu ba bureau banaikunywa mbele ya kula, kidogo kidogo, na sasa Leta, serikali yabo, imeruhusu siye bantu beusi kuinunua.

Huku hakuna duka ya vile. Wewe unashona ku barza ya duka ya Mugiriki, unapita mbele ya chupa kila siku. Utafute yenye iko muzuri kweli, na uibebe we mwenyewe mupaka Fizi. Bandugu ba bwana yangu beko bote kule Lulimba kuchimba zahabu. Mukubwa mwenye anabaki ni wewe muyomba.

Yaya yako, Adolphine


Baraka, 28 Oktoba 1956

Yaya Adolphine,

Barua yako ilifika na kamio ya kubeba pamba, inanuka mafuta lakini inasomeka yote. Namushukuru Mungu kama magoti inalia tu, haijakataa kazi. Marthe anakusalimia sana. Mugongo wake umepoa, ulimi haujapoa. Mi niko muzima, ila macho inaanza kugombana na tundu ya sindano.

Yaya, kwa hii kazi umemutuma kipofu. Tangu nilibatizwa ku kanisa yetu ya huku, hata kasiksi haijapita ku kinywa yangu. Nilitoa neno mbele ya bantu bote. Lakini kununua hapana kunywa, nikajipa moyo, nikaingia.

Mugiriki ananiona, anacheka: "Fundi! Leo Yesu amekufukuza?"

"Hapana, Bwana. Nataka porto. Ya muzuri."

Akatoa mbili. Moja iko safi, karatasi yake inangaa, na picha ya meli. Ingine aliitoa kule nyuma kabisa, ilikuwa imelala ubavu sawa mugonjwa, vumbi tupu, karatasi imekuwa rangi ya chai.

"Hii ndiyo muzuri," anasema. Anaonyesha ile ya vumbi.

"Juu ya nini?"

"Ni ya zamani."

"Bwana, samaki ya zamani inanuka. Kasiksi ya zamani ni siki. Nguo ya zamani mi nakata viraka. Porto peke yake ndiyo inazeeka na inakuwa muzuri?"

"Ndiyo."

"Na huu uchafu?" Maana niliinua ile chupa ku mwangaza, nikaona kitu nyeusi inatembea chini.

"Huo uchafu ndiyo unaonyesha iko muzuri."

Kitambaa naisugua na vidole, navuta uzi, najua kama itadumu. Chupa imefungwa, nasugua nini? Nikamuuliza: "Bwana, we mwenyewe unakunywa gani?"

"Mi nakunywa bia."

Nikaacha zote mbili pale. Uniambie nichukue gani. Na unijulishe: nikifika Fizi nikaiweka mbele yabo, kazi yangu imekwisha, ni vile?

Mudogo wako, Jacques


Lubondja, 11 Novemba 1956

Mudogo wangu Jacques,

Namushukuru Mungu na Bikira Maria kama macho yako inagombana na sindano tu. Huku mvua imekuja muzuri, maharagi inaota, na mi nimepata homa ndogo lakini imeniacha.

Nilienda kwa Padri Roger, nikamwambia vile Mugiriki alisema. Padri akasema, "Mama Adolphine, ya zamani, ya zamani!" Akafumba macho kidogo, sawa muntu anakumbuka mama yake. Nikamuuliza kama si zambi. Akasema zambi haiko ku chupa ya kwanza, iko ku chupa ya pili. Sikuelewa. Ya pili ni ile ya picha ya meli? Basi usiiguse hiyo.

Raphaël naye alimuuliza Alphonse ni porto ya namna gani. Alphonse akajibu: "Mwenye kujua atajua." Sasa nani anajua? Mi hapana. Wewe hapana. Mugiriki anakunywa bia. Nunua ya vumbi, mudogo wangu, Mungu atatusaidia.

Na ile swali yako ya mwisho. Jacques, unajua vile mi najua, unajifanya tu. Mwenye kubeba ndiye anaonja wa kwanza, bote banamwangalia, ndipo bengine banakunywa. Asipoonja, ni sawa kusema ameleta sumu. Ni kidogo tu, ya kulowanisha ulimi. Lakini ni neno ulimupa Mungu, siwezi kukuambia ulivunje. Na siwezi kukuambia usilivunje, juu Raphaël halali, hali, anapiga luzi tu na kuangalia njia ya Fizi. Unaona vile naandika? Nasema huku, narudi kule.

Yaya yako, Adolphine


Baraka, 2 Desemba 1956

Yaya,

Natumaini homa haikurudi. Siye huku tuko na afya, lakini nyumba yangu imepata ajabu.

Nilinunua ya vumbi. Nikaiweka juu ya kabati, nikaenda ku maombi. Kurudi, Marthe ananingojea ku mulango, furaha tupu.

"Bwana yangu," anasema, "ungeweza kupeleka kitu chafu vile ku bakwe? Bantu ba Fizi baniseme mi sijue kuosha?"

Yaya, ameiosha. Na majivu, na muchanga ya ziwa. Inangaa sawa jicho ya samaki. Vumbi yote imetoka. Karatasi yote imetoka. Na aliitikisa muda murefu, sawa dawa ya kikohozi, juu ule uchafu wa chini uchanganyike.

Sikumugombeza. Alifanya vile mama wa nyumba muzuri anafanya. Nikakimbia kwa Mugiriki, akashika kichwa na mikono mbili. Ya vumbi ilikuwa ile moja tu. Na ile ya meli kapita, musimamizi wa pamba, ameinunua. Sasa niko na chupa haina jina. Unaiangalia, unaweza kusema ni petroli, ao dawa, ao lutuku, pombe kali ya kificho, yenye imetiwa rangi. Alphonse ni muntu wa kusoma makaratasi. Atasoma nini?

Na juu ya kuonja, niliomba Mungu anijibu. Alininyamazia. Juma inayokuja naenda Fizi na Raphaël. Nitamuomba Alphonse anisamehe, muntu mwengine aonje. Akikataa, sijue. Uniombee, hata na rozari kama ndiyo iko karibu na mukono.

Mudogo wako, Jacques


Lubondja, 23 Desemba 1956

Mudogo wangu,

Noeli ikukute na amani, wewe na Marthe na mikono yake safi. Hapa tuko bazima. Mbuzi amezaa.

Raphaël alirudi anaimba tangu kule njiani. Nikamwambia, keti, uniambie yote.

"Mama, bamekubali. Bamekunywa bote."

"Na muyomba wako, alifanya nini?"

"Muyomba alilia."

"Alilia! Juu ya nini?"

"Sijue, mama. Mi nilikuwa naangalia dirisha. Constance alikuwa pale."

Batoto ba leo! Sasa Alphonse anasifu chupa yako ku Fizi yote. Anasema ni porto yenye hata bazungu ba bureau hawajaiona. Mwalimu wa Uvira ameondoa baiskeli yake. Mi ningepaswa kucheza, Jacques, lakini kwako neno hakuna, na najua hukulia hata siku ya kuzika baba. Balikutukana? Chupa ilikuwa mubaya? Uniandikie.

Yaya yako, Adolphine


Baraka, 13 Januari 1957

Yaya wangu,

Mwaka mupya ukupe magoti ya mupya. Nimekawia kuandika, si ugonjwa, ni haya.

Tulipofika, Alphonse akachukua chupa, akaigeuza, akaigeuza tena. "Karatasi iko wapi?"

"Bibi yangu aliiosha."

Bazee bakaangaliana. Moja akasema, "Chupa inaoshwa kama imetiwa kitu." Alphonse akafungua, akamimina ku gilasi, akaisukuma mbele yangu. Nikasema, "Munisamehe, bazee, mi niko muntu wa maombi, sikunywake. Mwengine aonje."

Alphonse akaniangalia. "Bwana fundi, muntu anakuja na chupa haina jina, na yeye mwenyewe anakataa kuikunywa. We ungeikunywa?"

Nikamuona Raphaël, shati yake yote imelowa jasho. Nikasema mu moyo, Baba, hii ni juu ya mutoto. Nikakunywa.

Nilikuwa nangojea uchungu. Haikuwa uchungu. Ilikuwa sawa asali yenye imekaa ku moshi, na nyuma yake tunda moja sijue jina yake, hatuna huku kwetu. Ikashuka polepole, ikafika mupaka ku vidole, hivi vidole vya sindano. Machozi ikatoka yenyewe. Bote banangojea nianguke. Alphonse akauliza na sauti ya chini, sawa mutoto anauliza mama: "Iko muzuri?"

Pale ndipo nilijua naye hajaionja hata siku moja.

"Iko muzuri," nikasema.

Akageukia bazee: "Mulevi angeweza kutudanganya. Huyu atadanganya juu ya nini?" Bakakunywa bote. Ule uchafu bakautema pembeni, na heshima.

Kurudi Baraka, nilienda mwenyewe kwa bazee ba kanisa, nikasema nimekunywa. Hawakunipigia kelele. Mzee Placide akasema: siku ya Mungu, Jumapili ya mwisho ya mwezi, utasimama, utatubu, na utasema mbele ya bantu ile kinywaji ilikuwa mubaya, juu bijana basikie. Usiposema vile, unatoka ku Meza ya Bwana.

Kutubu, nakubali na roho yote. Lakini bibi ya Placide na bibi ya Alphonse ni tumbo moja. Nikisema Baraka asubuhi kama ilikuwa mubaya, jioni Fizi yote inajua: muyomba mwenyewe amekana chupa yake. Alphonse amekwisha kujisifu kila fasi. Atapata haya, atarudisha neno, Raphaël atabaki na mikono mitupu.

Na tena, yaya, ni uongo. Niende kutubu kosa moja na kufanya ingine palepale?

Mudogo wako, Jacques


Lubondja, 22 Januari 1957

Jacques,

Salamu yangu leo ni mufupi, dereva wa kamio anapiga honi. Niko muzima, uko muzima, basi.

Jana nilikuwa nataka kukuambia: sema mubaya, Mungu ataona moyo. Asubuhi nikataka kukuambia: sema muzuri, mutoto aoe. Padri ameenda safari. Raphaël ameanza kukata miti ya nyumba. Na wewe, kanisa ndiyo nyumba yako, nitakuambia namna gani utoke ndani ya nyumba juu ya nyumba ya mwengine? Sema... hapana. Sijue, mudogo wangu. Fanya, kisha uniandikie.

Adolphine


Baraka, 17 Februari 1957

Yaya Adolphine,

Natumaini hii inakukuta na nguvu, na mvua haiharibu maharagi. Marthe yuko muzima, ananyamaza kidogo siku hizi, nasikia hata woga. Barua yako ilifika wakati siku ilikuwa imepita, basi nilifanya bila shauri yako. Na nikiisoma naona hata ingefika mbele, ningefanya bila shauri yako.

Kanisa ilijaa, hata ku madirisha. Nikasimama. Nikasema: "Bandugu, nilimupa Mungu neno, nikalivunja. Nilikunywa. Munisamehe." Bamama bakasema amina. Sauti yangu ilikuwa muzuri mupaka pale.

Mzee Placide akauliza: "Na ile kinywaji, Jacques, ilikuwa namna gani?"

Nikamuangalia bibi yake ku benchi ya mbele. Nikaangalia chini. Nikasema, "Ilikuwa muzuri."

Bijana ba nyuma bakacheka. Placide akangoja bamalize. "Rudilia, ndugu. Labda hukusikia swali."

"Nilisikia, mzee. Ilikuwa muzuri sana. Kosa ni yangu, hapana ya chupa."

Basi. Sikuli tena ku Meza ya Bwana, mupaka bazee baone moyo wangu umegeuka. Placide hakukasirika, alinishika mukono na akasema ananihurumia, na hiyo iliniuma kupita kelele. Neno ilifika Fizi ile jioni, vile nilisema. Alphonse ametuma salamu: nyuma ya Pasaka mukuje muzungumuze mali ya ndoa. Umwambie Raphaël asiache kukata miti.

Mi nakaa nyuma, karibu na mulango, na banamuke ba batoto badogo benye kulia. Nasali, yaya. Kila siku naomba Mungu anipe kuchukia ile kitu, kwa kweli naomba na nguvu, na kila siku ninapoomba inanirudia ku ulimi vile ilikuwa. Bazee banangojea. Mi nangojea pamoja nabo. Uniambie, wewe umesali miaka mingi kunipita: muntu anatubu namna gani kitu yenye ilikuwa muzuri?

Mudogo wako, Jacques