Mwandiko wa Mama Ukurasa wa Kwanza

Kaka mpendwa,

Daktari wa majeraha ya moto alisema leo saa nne asubuhi kwamba vidole vitatu vya mkono wa kulia wa Mama havitakunjika tena. Mkasi ataushika kwa shida, sindano hapana. Nimetanguliza hilo kwa sababu nakujua, ungeruka salamu zote ukilitafuta. Sasa nikuamkie: shikamoo, kaka. Hali yako huko? Wifi hajambo, na watoto? Kile kifua kimepoa? Mimi mzima wa mwili. Mama anakula, analala, na anamgombeza muuguzi kwa jinsi anavyotandika shuka, kwa hiyo upande huo usiwe na wasiwasi.

Kwenye simu uliniuliza mambo mawili: ilikuwaje, na jina kamili la yule afande aliyemuuza Mama, ili umpelekee wakili. Simu haikutosha. Nakuandikia yote, kuanzia mwanzo.

Mpango wenyewe ulianza miezi saba iliyopita. Kituo cha polisi kilimleta mtaani kwetu koplo mmoja wa kike, mwembamba, na sanduku la bati lenye kufuli mbili na tundu juu. Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu waongee na polisi kabla mtu hajaibiwa, si baada. Kikao cha kwanza, kwenye ukumbi wa shule, walikuja watu tisa, na wawili kati yao walidhani kuna chanjo. Alieleza kwamba mtu ataandika analolijua bila kutaja jina lake, atatumbukiza, na hakuna raia atakayeona karatasi hiyo. Kinyozi akauliza kama anaweza kumshtaki mke wake kwa kumnunia. Koplo akamjibu aandike tu, ila foleni ni ndefu na mkewe ameshatangulia. Ukumbi ukaangua kicheko, na tangu siku hiyo akawa Mama Sanduku. Kila Alhamisi alipita duka kwa duka, akakaa kwenye mabenchi ya watu, akauliza habari za mguu wa huyu na mimba ya yule. Kufikia mwezi wa tatu wa mpango vikao vilijaa mpaka watu wakasikilizia dirishani.

Mama alimpenda. Alimpunguzia suruali za sare mwenyewe, akimwambia kwamba msichana mwenye kiuno kama hicho hana haki ya kuvaa gunia. Lakini kama unavyomjua, hakumwambia mtu yeyote kwamba naye alitumbukiza karatasi. Aliandika kwamba banda lililo nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma hupokea pikipiki kila Jumanne na Ijumaa kabla ya adhuhuri, zinapakwa rangi mpya, na namba zake zinasuguliwa kwa tupa. Akaweka na idadi ya wiki nne, wiki kwa wiki. Aliyaona hayo kupitia dirisha la kibanda chake, akiwa kwenye cherehani, bila hata kusimama.

Polisi walivamia siku ya Ijumaa. Walikuta pikipiki kumi na moja na wakakamata watu wawili. Mwenye banda hakuwepo. Jumatatu gazeti letu likaiweka habari hiyo ukurasa wa kwanza, jina langu juu yake, na picha ya karatasi iliyofichua mambo, pana kama safu nne.

Mama aliandika kwenye karatasi ya kaki, ile anayochorea mishono kabla ya kukata kitambaa. Nusu ya mtaa wana kipande chake kabatini: kiuno, mguu, bega, tarehe ya kuja kuchukua. Saba zake zina mkato katikati, na tisa zake zimelalia nyuma kama mtu anayevutwa shati. Mwenye banda naye alikuwa na kipande chake, cha suruali mbili. Mpelelezi aliniambia wamekikuta mezani kwake, kimewekwa sambamba na gazeti.

Siku nane baada ya gazeti kutoka, saa nane mchana, kibanda cha Mama kikawaka moto. Mama alikuwa ameshatoka salama. Alirudi ndani kwa sababu nguo za wateja zilikuwa bado zimetundikwa, na kwa maelezo yake mwenyewe, nguo hazikuwa zake. Alitoa magauni manne. Mwenye banda alikamatwa siku ya tatu akiwa kwa dada yake.

Mtaa haukuhitaji mpelelezi. Ulisema Mama Sanduku ndiye aliyeitoa karatasi, kwa tamaa ya kusifiwa gazetini. Muuza mkaa alimwambia usoni kwamba siku nyingine akitaka siri ajiandikie mwenyewe. Sanduku limetobolewa na kujazwa mchanga. Kikao cha mwezi huu walikuja watu watatu, wote wakiwa askari. Koplo alipofika hospitalini, Mama aligeukia ukutani. Koplo akasimama mlangoni kama dakika kumi, kofia mkononi, kisha akamwachia muuguzi sabuni na mafuta ya kupaka, akaondoka. Mama akaniambia, "Kalamu unayo, mwanangu. Mwandike huyo mpaka avue hizo sare nilizompunguzia." Mhariri wangu naye ananidai habari hiyohiyo.

Kamati ya nidhamu ya polisi imemfungulia koplo shauri kwa kuruhusu siri ya raia kupigwa picha. Amewaandikia mistari miwili tu: sanduku lilikuwa mikononi mwake, na ofisi ilikuwa yake. Hakuongeza kitu. Akipatikana na hatia atafukuzwa.

Nimeandika mpaka hapa bila kusema uongo, ila nimepazunguka mahali pamoja. Sasa nipaingie.

Picha ile sikupewa. Niliipiga mimi. Baada ya uvamizi nilimwomba koplo, ofisini kwake kituoni, niruhusiwe kupiga picha ya sanduku na rundo la karatasi. Alikubali kwa sharti moja, karatasi zote zilale kifudifudi, na akazigeuza mwenyewe moja baada ya nyingine. Kisha akaitwa kaunta. Nilibaki peke yangu dakika mbili, labda tatu. Migongo ya karatasi haikunipa picha. Ile ya kaki ilikuwa juu, nikaigeuza. Kaka, niliutambua mwandiko kabla karatasi haijatulia mezani. Ndio uliotuandikia barua zote za shuleni. Sikuogopa. Niliona fahari, kwamba ni Mama huyu. Nikapiga mara tatu, nikairudisha ilivyokuwa, na koplo aliporudi nikamshukuru. Nilijiambia itatoka ndogo na haitasomeka. Mhariri aliikuza, lakini aliyempa ni mimi, na sikumwambia ni mwandiko wa nani.

Kuna la pili, nalo ni baya kuliko hilo. Jumatatu ile ile Mama alikuja kwangu na gazeti kwapani. Hakufoka. Aliuliza tu imefikaje humo. Nikamwambia polisi ndio waliotupatia, na kwamba hakuna mtu anayesoma mwandiko siku hizi. Akanitazama, akasema basi, wewe ndiye unayeyajua ya magazeti. Kesho yake akafungua kibanda kama kawaida. Alikuwa na siku nane za kufunga na kuja kukaa kwako. Hakufunga kwa sababu aliniamini.

Kwa hiyo jina uliloliomba kwa ajili ya wakili ni langu. Unalijua, wewe ndiye uliyenifundisha kuliandika.

Sikuombi unitetee, wala sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba moja tu: usimpigie Mama kabla sijamwambia mwenyewe. Nimeandika maelezo ya kurasa mbili kwa ajili ya kamati na kutia sahihi. Mhariri ameyasoma, akasema nikiyawasilisha nisirudi dawatini. Nimemwelewa. Koplo hajui kuhusu maelezo hayo. Nilipompigia kumwambia, aliona namba yangu akakata, na ana haki.

Nisalimie wifi sana. Watoto wabusu, na yule mkubwa mwambie picha aliyomchorea bibi yake imebandikwa juu ya kitanda, na muuguzi amekatazwa kuigusa. Dawa ya kifua uimalize yote, usiiache katikati kama mwaka jana. Ukishasoma barua hii na ukawa huna la kuniambia, nitaelewa pia.

Mama nitamwambia Jumanne, saa kumi jioni, wakati wa kutazama wagonjwa. Kamati inakaa Jumatano tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, ghorofa ya pili, chumba namba nne. Nimeandikishwa shahidi wa kwanza.

Mdogo wako