Nyumba Yangu na Mtaro wa Saidi

Alhamisi, Nakuru. Mvua imepumzika, ila wingu bado limekaa juu ya Menengai. Naandika kabla saa ya kutotoka nje haijafika, maana taa ikionekana baada yake, askari hugonga mlango.

Naogopa. Wacha nianze na hilo.

Saidi ni mdogo wangu, tumbo moja. Kazi yake ni mabomba. Bwana Karsan, Mhindi mwenye duka la mikate, alimpa kazi ya kupitisha bomba la maji kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini barabara ni ya manispaa, na manispaa haimruhusu mtu kuipasua hivi hivi. Ofisini walimwambia alete mdhamini, mtu mwenye mali, ili barabara isiporudishwa ilivyokuwa, mali hiyo ichukuliwe. Saidi hana mali. Mimi nina nyumba ya mabati aliyoniachia marehemu mume wangu hapa Bondeni, na wapangaji wangu ndio wanaonilisha.

Aliponijia sikumwuliza mengi. Nilikwenda, nikatia sahihi.

Juzi Saidi na vibarua wake walikuwa wamekwisha kulaza bomba, imebaki kufukia, lori la polisi likaja. Vibarua wawili hawakuwa na pasi, karatasi ya ruhusa ya kukaa mjini. Wakachukuliwa wote, na Saidi pia, eti anaficha watu wa msituni wanaopigana na serikali. Mtaro ukabaki wazi. Halafu mvua ikanyesha.

Leo asubuhi tarishi wa manispaa alikuja kwangu. Alisema mkaguzi atapita jioni, na akikuta barabara imekatika, manispaa itaifukia yenyewe na kuja kudai kwa mdhamini.

"Mdhamini ni wewe, Mama Hadija," akasema, kana kwamba nimesahau.

Nilikwenda kutafuta wanaume. Hakuna aliyekubali. Siwalaumu. Siku hizi wanaume wakikusanyika barabarani na mabeleshi, nani atauliza kama wanafukia au wanafukua?

Nikaenda kwa Bwana Karsan. Alinisikiliza akichungulia barabarani juu ya bega langu.

"Mama, mimi hapana taka askari mlangoni," akasema. "Mimi iko na watoto."

Nikamwambia hata mimi ninao. Akaingia ndani, akarudi na mabeleshi mawili na karai. Aliyaweka chini, akafunga mlango.

Nilipata mtu mmoja tu: Nyaboke, mpangaji wangu, anayeuza ndizi sokoni. Aliacha ndizi zake. Tulijifunga leso viunoni tukaanza. Udongo ulikuwa umelowa, mzito. Tulikuwa tukimwaga kidogo, tunashindilia kwa gogo, tunamwaga tena, jinsi nilivyomwona Saidi akifanya. Watu walipita upande wa pili bila kutusalimu.

Tulikuwa tumepita nusu gari likasimama. Akashuka kijana wa Kizungu, bunduki begani, na askari wawili. Uso wake ulikuwa wa mtoto. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Wewe nazika nini hapa?"

"Bomba la maji, bwana. Mdogo wangu ana ruhusa ya manispaa."

"Yeye iko wapi?"

Nikisema yuko polisi, nimejitia mashakani. Nikidanganya, ni vibaya zaidi. Nikasema ukweli.

Kijana akaelekeza bunduki kwenye mtaro. "Fukua."

Tukafukua. Kila nilipochota nilijiuliza vile vibarua walikuwa watu gani. Vipi kama waliacha kitu humo? Sikuwajua. Nilikuwa nimetia sahihi kwa ajili ya Saidi, si kwa ajili ya mikono ya watu aliowaokota sokoni. Na beleshi la Nyaboke likagonga chuma.

Ngaa!

Askari mmoja aliweka risasi tayari. Nyaboke aliachia beleshi akainua mikono. Mimi nilishindwa hata kuinua yangu.

Lilikuwa bomba. Bomba la Saidi, limelala pale pale alipolilaza. Askari akashuka, akapapasa huku na huku, akatikisa kichwa. Yule kijana akasema neno kwa Kiingereza, wakapanda gari wakaenda.

Nyaboke alikaa kwenye tope akalia. Nilitamani kukaa naye, lakini jua lilikuwa limeinama. Nikachukua beleshi. Baadaye kidogo akasimama akachukua lake. Tukafukia upya mpaka tukamaliza.

Mkaguzi alikuja kwa baiskeli. Alikanyaga pale tulipofukia, akasimamisha lori la maziwa, akamwambia dereva apite juu yake taratibu. Nilifumba macho. Nilipofumbua, lori lilikuwa ng'ambo, na ardhi imezama kidogo tu.

"Itapita kwa leo," akasema. "Lakini dhamana yako inaendelea mpaka masika yaishe. Ikititia, ni wewe."

Nilidhani leo ningelala huru.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kituo cha polisi, nikiwa na tope mpaka magotini, nikamwambie Saidi. Hawakuniruhusu kumwona. Sajini wa zamu alisema hakuna kilichopatikana juu yake, anaweza kuachiliwa, ila lazima mtu anayejulikana, mwenye makao, amsimamie. Akikutwa tena na watu wasio na pasi, watakamatwa wote wawili.

"Kuna mtu kama huyo?" akauliza.

Nilimfikiria mwanangu Hadija na mdogo wake. Nilifikiria ile risasi ikiingia mahali pake, na ule mlio wake mdogo. Nikajiambia niseme nitafikiri, nitarudi.

"Mimi," nikasema.

Ameniambia nije asubuhi. Watoto wamekula, hawajui lolote. Nyaboke amejifungia chumbani kwake, na sina uso wa kumgongea. Ninaogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya bunduki, kwa sababu pale sikuwa na la kuchagua.

Asubuhi nitakwenda. Ee Mola, nipe miguu ya kunifikisha.