Nyasi za Ufagio Nyuma ya Karakana

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tano tangu tumzike mke wangu, bibi yangu. Sisikii kitu. Nakula, nalala, nakohoa — kama saa ya ukutani. Fagio zake zimebaki mbili. Nyasi alizofumia, kule bondeni nyuma ya karakana ya malori, zinaisha. Mwaka wa pili tangu ofisi ya wilaya izungushe seng'enge kuzilinda. Zimelindwa mpaka zinakufa!

Jumatano, 5 Machi
Mtaalamu wa nyasi kaja na fremu yake ya mbao. Anailaza chini, anahesabu mashina ndani yake. Mwaka juzi arobaini, leo sita. Eti ukame. Nikamwambia, mchumba, kanyaga uone — akazama hadi kifundo! "Babu wewe!"
Nikamweleza: mbegu ya nyasi hii mvivu kama mimi. Inakwama juu ya majani makavu, haifiki kwenye tope mpaka ikanyagwe na kwato. Bibi yangu alikuwa anavuna makavu, ng'ombe wa jirani wanamfuata nyuma. Akauliza nimesomea wapi. Darasa la nne, na mke mkali.
Akaandika. Lakini ng'ombe, ofisi haitaki. Na zisipochipua msimu huu, seng'enge inang'olewa, bonde linafukiwa, malori yaegeshwe.

Ijumaa, 7 Machi
Binti yangu akifagia, ufagio mmoja ukakatika. Akalia. Mimi nikaokota vijiti. Akasema baba, lia basi hata kidogo. Nikamjibu zamu yangu haijafika.

Jumapili, 9 Machi
Mvua alfajiri. Nimeazima ng'ombe mmoja wa jirani, jina lake Bi Kiburi. Jirani akauliza nampeleka wapi. Kazini!
Waya nimeukata kwa koleo. Bi Kiburi kaingia — chwapu, chwapu — mbegu zinazama. Mimi mbele, navuna makavu kwa mundu wa marehemu. Mpini umelika pale vidole vyake vilipokuwa vinashika. Vyangu haviingii.
Nimepumzika juu ya ndoo, daftari gotini. Mtaalamu anashuka mteremko, viatu mkononi, mlinzi wa ofisi nyuma yake. "Babu, mtoe huyo!" Bi Kiburi kafika nusu ya bonde tu. Nimeinua kidole: ngojeni, nimalize sentensi. Wamesimama! Basi naandika polepole. Natafuta maneno marefu. Naandika jina lake bibi yangu, herufi moja, napumzika, herufi ya pili, na karatasi inaloa, na mvua ilishakatika —