Fundi, Bunge Limelaani

Fundi wangu mpendwa,

Jana binti yako Miriam alipita dukani, akaniambia bunge la nchi ile ya mbali alikoishi baba yako limepitisha azimio la kulaani shambulio lililomuua. Baada ya miaka yote hii. Swali langu halikumpendeza: "Wangapi walinyamaza?" Wa ndiyo hutangazwa, wa hapana hutangazwa. Mimi namtaka yule aliyekaa na mikono mapajani, asipige kura. Bomu lililipuliwa kwenye ukumbi wa jumuiya ya Kiyahudi, wazee wakicheza karata. Yeye alikuwa anasubiri aelezwe nini zaidi?

Nilikuwa mfagia nyuzi katika duka lako la ushonaji hapa mtaani Yeoville, mgeni kutoka Tanga, uliporudi kazini baada ya wiki ya matanga ya baba yako ukiwa na koti lililochanika kifuani. Nikadhani limenaswa na mlango wa teksi. Ulipokwenda mjini kununua zipu nikalishona, mshono wa kuficha, nikalipiga pasi. Ulipitisha kidole gumba, ukapatafuta mahali penyewe, usipaone.

"Nani kakufundisha mshono huu?"

"Wewe, Fundi."

"Eish. Nilikufundisha vizuri mno. Sasa chukua wembe, fumua."

Ndipo ukanieleza: kwenu mtu akifiwa na mzazi huchana nguo yake, na mpasuko huo haushonwi ukapotea. Kazi ya kwanza uliyonisifia nikaibomoa kwa mkono wangu.

Leo cherehani ni zangu na jina mlangoni ni langu, ila bado najiuliza kama mwanagenzi: azimio linafanya kazi gani? Halimfufui mtu. Halimfungi mtu. Lakini Miriam alinisomea kwenye simu yake, na alipofika pale wanaposema wale wazee waliuawa kwa kuwa ni Wayahudi, sauti ikamshuka, akaanza upya. Basi kuna kitu pale. Mdogo wangu Hamisi, wenyeji walimwambia arudi kwao, kisha wakaichoma spaza yake, kile kiduka chake cha mtaani, kule La Rochelle naye akiwa ndani. Wakubwa wa serikali wakasema ni uhalifu wa kawaida. Mhalifu wa kawaida huanza na droo ya pesa, Fundi. Hawa hawakuigusa.

Miriam akatia simu mfukoni. "Jumapili tunasoma majina ya waliouawa sinagogini. Nitalisoma la Babu. Nisome na la Hamisi?"

Nikamwambia aje kesho nimjibu. Mke wangu Zuhura alikuwa kwenye pasi. Alingoja mgeni atoke. "Jina la Hamisi huko? Watu wa msikitini watakuja tena kushonesha?"

"Wasipokuja watavaa nini, kanzu za madukani zinazobana kwapa?"

Alicheka bila kutaka, halafu akaacha. "Na mama yako akisikia huko Tanga?"

Nikampigia Mama. Nilimweleza habari za ukumbi, za bunge, za sinagogi, kila kitu. Kisha akauliza moja tu: "Huyo binti atalitamka sawasawa?"

Asubuhi hii Miriam amekuja tena. Tumelirudia hapa kwenye meza ya kukatia, Zuhura akimsahihisha, mpaka limemkaa mdomoni: Hamisi bin Athumani, wa Tanga.

Pumzika kwa amani huko uliko, Fundi. Jumapili sifungui duka.

Mwanafunzi wako,
Saidi