Maji Niliyokataa Kuleta

Mama yangu mpenzi,

Kwanza nipe habari za goti. Bado linakuuma ukipanda kile kilima cha kanisani? Najua utasema uko sawa tu, ndiyo maana nimeshamuuliza Mkamburi, na dada yangu huyo ameniambia dawa niliyotuma umeificha kabatini. Mama wewe! Na pojo zimeota? Mvua imefika Rukanga, au imeishia Voi kama kawaida yake?

Mimi ni mzima, ila nimechoshwa na mvua isiyo na faida. Huku Uholanzi inanyesha kutwa na hakuna anayepanda hata kunde. Kila asubuhi nikifungua dirisha natafuta mlima Kasigau, naona ukuta wa jirani. Juzi niliponda kimanga chetu kwa maharagwe ya mkebe na hivi viazi vyao. Nilikila nikilia, na si kwa utamu. Nimewakumbuka, Mama. Nimewakumbuka mpaka naona aibu kusema.

Kazi inaendelea. Nasikia Shangazi Mghoi bado anawaambia watu kwamba nafundisha wanajeshi kupigana. Mwambie nafundisha wanafunzi wa uwakili sheria za vita: kwamba hata vita vina mipaka, kwamba aliyejeruhiwa akaanguka si adui tena, aokotwe atibiwe, awe wa upande wowote ule. Vitabu vinalieleza jambo hilo kwa kurasa nyingi, watoto wa watu wanasinzia. Kwa hivyo kila mwaka nafunga kitabu, nawasimulia habari za mwanamke mmoja wa Kenya.

Mama, mwanamke huyo ni wewe.

Nawaambia jinsi ngamia walivyoingia shambani wakamaliza pojo zote, wanaume wakatoka na mishale na mapanga, na yule mfugaji akaanguka karibu na choo chetu, paja limepasuka. Ukamburura mpaka ndani, ukamlaza kwenye kitanda changu. Baba Mdogo akaja mlangoni na panga. "Shemeji, toka hapo! Huyo ndiye ametumaliza!" Nawe hata hukupaza sauti. "Kule shambani alikuwa mwizi. Humu ndani ni mgonjwa. Weka hilo panga chini, uje unisaidie kumgeuza." Na akaweka! Hapo hata waliokuwa wakisinzia huinua vichwa.

Kisha namalizia kwamba mwanamke yule akamtuma binti yake maji. Huwa siendelei. Wala sisemi kwamba ni mama yangu, maana wangejua binti ni nani.

Mwaka huu yuko mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, aliyekimbia vita kwao. Jumanne aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na yule binti, alileta maji?"

Wewe unajua nilichokujibu siku ile. Nilikuwa kidato cha tatu, pojo zile ndizo zilikuwa za kunirudisha shule, na yule mtu alikuwa akivuja damu kwenye shuka zangu. Nilisema, "Ayateke mwenyewe." Ukaniangalia kidogo tu, ukachukua mtungi, ukateremka bombani mwenyewe. Baba Mdogo, aliyekuja kuua, ndiye aliyekishika kidonda mpaka ukarudi. Mimi nilisimama tu nimekunja mikono. Na hukunigombeza, si siku ile wala baadaye. Afadhali ungenichapa, Mama, ningekuwa nimeshasahau.

Nikamjibu yule mwanafunzi, "Ndiyo, alileta." Akaandika kwenye daftari lake. Baada ya somo akanifuata, akanishika mkono. "Kaka yangu aliomba maji njiani, hakuna aliyempa," akasema. "Nashukuru kwenu alikuwepo yule binti." Nikaenda ofisini nikafunga mlango.

Siwezi kumwachia uongo ule daftarini. Jumanne ijayo nitasema ukweli mbele ya wote, mama ni nani na binti ni nani. Naogopa, Mama. Huenda yule mwanafunzi asitake kunitazama tena. Barua hii itakufikia baada ya siku hiyo, lakini ujue nimekuungamia wewe kwanza kabla ya wageni. Nisamehe. Isome mwenyewe, usimpe Mkamburi, mdomo wake unaujua.

Yeye mpe salamu tu. Nisalimie na Shangazi Mghoi, na jirani yetu mzee wa kanisa anayetuangalizia mbuzi. Baba Mdogo mwambie huku kuna darasa zima linalomheshimu, akishangaa mwache ashangae.

Nitakuja Desemba. Nikifika mlangoni usinipokee mizigo, wala usiniwekee chai. Nitume maji kwanza.

Binti yako,
Wakesho